Wajuzi wa Kuelekeza Pa Kula

Ukiuliza wapi pa kula Mombasa ukajibiwa "pale pana chakula kizuri," bado hujaelekezwa. Chakula kipi, na saa ngapi? Wanaotembea miji wakila, kisha wakawasimulia wenzao, wana ufundi tusiouheshimu vya kutosha, na aliye bora kati yao huanza na saa. Mahamri na mbaazi ni mambo ya asubuhi. Vifuate saa nane mchana ukute sufuria imeshaoshwa. Viazi karai husubiri jua lipungue. Forodhani, Unguja, meza za chakula hupangwa jioni, na aliyekwenda adhuhuri atarudi akisema pamesifiwa bure.

Baada ya saa huja bakuli lenyewe. Yeyote anaweza kumwambia mgeni akanywe urojo Mji Mkongwe. Mjuzi atamwambia atazame mchuzi kwanza: uwe wa manjano, wenye uchachu wa embe mbichi au ukwaju, na uzito wa unga unaoshika kijiko. Ukiwa mwepesi kama maji ya kunawia, umeongezwa maji ili wateja wa mwisho wasikose. Ndani mna viazi, bajia, kachori na mishikaki. Juu hunyunyizwa chipsi za muhogo, na hizo zianzwe upesi, zingali zinalia menoni. Pilipili iombe pembeni. Maelezo kama hayo hayatoki kwa aliyepita mara moja akapiga picha.

Bingwa wa kazi hii, kwangu mimi, ni Jonathan Gold wa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa kijana, alijipa kazi ya kula katika kila mgahawa wa Pico Boulevard, barabara ndefu inayoukata mji kuelekea baharini. Aliandika juu ya vijihoteli vya wahamiaji kwa umakini uleule ambao wengine waliuweka kwa hoteli za vitambaa vyeupe, na alirudi mahali mara kadhaa kabla ya kutoa neno. Mwaka 2007 akawa mhakiki wa kwanza wa migahawa kupata Tuzo ya Pulitzer. Alifariki 2018.

Kitabu cha Michelin nacho kina sifa zake. Kilianza Ufaransa mwaka 1900, kampuni ya matairi ikiwagawia bure wenye magari, na nyota za kusifia migahawa zikaja 1926. Wakaguzi wake hawajitambulishi na hulipa bili kama mteja yeyote, adabu ambayo wasifiaji wengi wa siku hizi wameisahau. Lakini nyota haikuambii ufike saa ngapi, wala uagize nini.

Kinachonitatiza ni mama lishe. Yeye hupika sufuria moja ya wali, na wateja wake ni mafundi na bodaboda wa mtaa uleule. Msifie kwa sauti kubwa, wiki ijayo watakuja wenye magari, na fundi atakayefika saa saba ataambiwa wali umekwisha. Kwa hiyo mjuzi ninayemwamini humuuliza mama mwenyewe kwanza kama ataweza kuinjika sufuria ya pili. Akisema anaweza, jina linatajwa pamoja na kona ya mtaa. Akisema hawezi, msimulizi ataeleza mchuzi wake wa nazi mpaka msikilizaji ameze mate, na akiulizwa ni wapi, atacheka tu.