Historia ya Maboi katika Somo la Uraia: Uhakiki wa Vocabulaire de la Ville de Elisabethville

Afunguaye Vocabulaire de la Ville de Elisabethville akitarajia kamusi hataikuta. Atakuta historia ya mji, iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, yaani maboi. Andiko hilo lilipigwa taipu na kunakiliwa kwa matumizi ya wenyewe. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alilichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi wa Kiingereza. Wanaisimu na wanahistoria wamekwisha kulijadili. Linalobaki ni kuuliza kama lafaa kufundishia maarifa ya jamii na elimu ya uraia.

Swali hilo lina uzito. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2006 kinawapa wenye mamlaka wajibu wa kueneza, kwa njia ya mafundisho, heshima kwa haki za binadamu na kwa wajibu wa raia. Darasani agizo hilo hugeuka kwa urahisi kuwa orodha ya kukariri. Mwanafunzi hufaulu mtihani, lakini haoni orodha hiyo inahusiana vipi na mtaa anaokaa.

Ubora wa kwanza wa andiko la Yav ni mahali liliposimama. Boi aliingia katika nyumba ya bwana kila siku bila kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba hiyo. Kutoka hapo, utawala wa kikoloni hauonekani kama jina la mfalme na tarehe. Unaonekana katika mshahara, posho na mahali pa kulala. Mwanafunzi akisoma mambo hayo, kisha akafungua vifungu vya Katiba kuhusu utu na kazi, ataelewa kwa nini vilihitaji kuandikwa.

Ubora wa pili ni lugha yenyewe. Tahajia ya andiko haifuati kanuni, na mipaka ya maneno hubadilika. Mara nyingi maana hujitokeza linaposomwa kwa sauti. Mwalimu aliyelelewa katika Kiswahili sanifu atashawishika kulisahihisha kwanza. Kufanya hivyo ni kumfundisha mtoto wa Lubumbashi kwamba lugha ya baba yake haistahili kubeba historia. Kiswahili sanifu kina nafasi yake, nayo ni baada ya kusikiliza: darasa lisome kwa sauti, liandike lilichosikia, ndipo lilinganishe na usanifu.

Hata hivyo, andiko hili lina mipaka. Masimulizi yake hayafuati mfululizo wa tarehe kwa uthabiti. Mwalimu hana budi kuweka kando yake miaka iliyo wazi: kuanzishwa kwa Union Minière 1906, kwa mji 1910, kujitenga kwa Katanga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Tena, boi hawezi kuwasemea wote. Mchimbaji wa shaba na mama muuza sokoni waliuona mji kwa macho mengine. Michoro ya historia aliyoichora Tshibumba Kanda Matulu miaka ya 1973 na 1974 yafaa kuwekwa karibu, ili darasa lione kwamba hata masimulizi ya wanyonge hayana sauti moja.

Hatari kubwa zaidi ni kulitumia andiko kama cheti cha kudai nani ni mwenyeji wa mji na nani ni mgeni. Lubumbashi ilijengwa na wafanyakazi waliotoka Katanga yenyewe, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, na Kiswahili cha mji kilikomaa vinywani mwao wote. Ni katika jimbo hilohilo Wakasai walifukuzwa kwa wingi mwaka 1992 na 1993. Somo la uraia linalokwepa jambo hilo huwaachia mitaa kulifundisha, na mitaa hulifundisha vibaya.

Kwa hiyo Vocabulaire lafaa, ila si kama kitabu cha majibu. Lafaa kama shahidi anayesikilizwa, anayeulizwa na anayelinganishwa na mashahidi wengine, wakiwemo wazee wa familia za wanafunzi wenyewe. Anayejifunza kumhoji shahidi kwa haki na kwa heshima amekwisha kuanza kazi ya raia.