Bila Hewa, Yatoa Hewa: Istilahi za Tope la Majitaka

Miji michache tu ya Tanzania ina mtandao wa mabomba ya majitaka, na Songea ni mmojawapo. Maji yatokayo majumbani hufikishwa katika mabwawa, tope likatuama chini, nalo huoza polepole pasipo moto wala mashine. Kuuboresha uozaji huo, ili tope lipungue, vijidudu vya maradhi vife na gesi ipatikane, ni kazi ya wahandisi. Lakini mhandisi huandika maelezo yake kwa lugha ya kigeni, afisa huyafasiri, na fundi huyasoma akiwa amesimama kando ya mfuniko wa shimo. Makala haya yahusu kiungo cha kati, yaani tafsiri, maana hapo ndipo istilahi tulizonazo zinapostahili kuhojiwa bila kuoneana haya.

Istilahi iliyoenea ni “mmeng’enyo usio na hewa”. Kasoro yake kubwa i katika neno la mwisho. Kwa Mswahili hewa ni ile tuivutayo, tena ni kila kisichoshikika kinachofanana nayo. Ndiyo sababu tulipopewa “hewa ukaa” hatukushangaa. Basi sentensi ya kawaida ya kitabu cha mtambo hugeuka kuwa: mmeng’enyo usio na hewa hutoa hewa. Mwanafunzi akicheka hakosi. Louis Pasteur, alipounda neno la asili mwaka 1863 kwa mizizi ya Kigiriki, alikusudia viumbe waishio bila oksijeni iliyomo hewani. Sisi hatulazimiki kuurithi ufupisho wake. Yafaa tuseme “bila oksijeni”, tumalize.

Hili si suala la kupamba lugha. Katika gesi itokayo kwenye tope la majitaka, methani huwa yapata asilimia 60 hadi 65. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni hewa ukaa, pamoja na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15, cheche moja hutosha kuilipua. Haidrojeni salfaidi huua, na ikizidi huzima uwezo wa pua, mtu asiisikie tena harufu yake akadhani imekwisha. Sasa na tuyatazame maagizo mawili. La kwanza lamtaka fundi ahakikishe kuwa hamna hewa ndani ya mtambo, uozaji upate kuendelea. La pili lamwambia “toa hewa kabla ya kuingia”. Mfasiri aliyelitumia neno hewa kwa gesi, kwa oksijeni na kwa upepo, amemwachia fundi kuchagua maana, na mojawapo ya maana hizo yaua. Hewa na ibaki ile tuivutayo, gesi iwe ile itokayo katika tope, na oksijeni itajwe kwa jina lake. Agizo la pili liandikwe: “Ondoa gesi, ingiza hewa safi, pima, ndipo ushuke.”

Neno “mmeng’enyo” ni gumu zaidi kulihukumu. Wapo walioliona kuwa tafsiri ya kitumwa, kwa kuwa humkumbusha msomaji tumbo. Mimi sioni hatia hapo. Tumbo la kwanza la ng’ombe ni mtambo wa namna hii hii, halina oksijeni nalo hutoa methani. Ila neno hili limekwisha kupata kazi maalumu. Vimeng’enya ndivyo vikatavyo wanga, protini na mafuta kuwa vipande vidogo, na kazi hiyo ni hatua ya kwanza tu kati ya nne. Hufuata hatua ya kuzalisha asidi mbalimbali, kisha ya kuzigeuza kuwa asidi ya siki na haidrojeni, mwisho ya kuzalisha methani. Kuziita zote mmeng’enyo ni kuipa nyumba nzima jina la kizingiti.

Kwa kazi nzima napendekeza “uvundikaji”. Mtu avundikaye ndizi huzifunika, huziwekea joto, huzuia upepo, kisha husubiri. Ni mambo yale yale ayafanyayo mwendesha mtambo. Kiambishi -ika hapa si kile cha “vunjika”. Ni kile cha “funika”, “zika” na “anika”, kinachomaanisha kukiweka kitu katika hali fulani. Mkulima wa Umatengo, huko Mbinga, alazaye nyasi na kuzifukia kwa udongo wa ngoro ili zirutubishe shamba, hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Pingamizi lipo, nalo ni la haki: mabwana shamba husema “mbolea vunde” kwa mbolea inayogeuzwageuzwa ili ipate hewa, kinyume kabisa cha tunachokitaka. Nadhani dawa ni kuiachia mbolea ile jina la mboji, na kitendo chake kiitwe kuozesha. Kama wataalamu wa kilimo hawatakubali, basi tuseme “uvundikaji bila oksijeni” kila mara, hata kama ni refu.

Neno hili lafaa pia katika maelezo ya maboresho yenyewe. Mitambo mingi huvundika kwa nyuzijoto 35 hadi 37 za Selsiasi, kwa siku 15 hadi 30. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai haina budi kuupunguza mwendo wa uozaji katika bwawa lisilopashwa joto. Kupasha, kukoroga, kulipunguzia tope maji kabla ya kulivundika, kulichanganya na mabaki ya chakula: yote haya yana maneno ya jikoni yaliyo wazi. Hata mtambo uliolishwa kupita kiasi, asidi ikazidi na methani ikakoma, twaweza kusema “umechacha”, na mnywaji yeyote wa ulanzi ataelewa.

Nalikataa “vimelea” kwa viumbe wafanyao kazi hii. Kimelea huishi kwa kumnyonya mwingine. Hawa hawamnyonyi mtu. Wala wazalishaji wa methani si bakteria: tangu mwaka 1977, Carl Woese na George Fox walipowatenga katika kundi lao, ni arkea. “Vijiumbe” lawatosha wote. “Kutibu majitaka” nalo halinipendezi, kwa kuwa maji hayaugui, lakini limekwisha kuota mizizi ofisini na sitalipigania.

Lipo la kupigania zaidi. “Topekinyesi” ni lile linyonywalo na magari kutoka katika vyoo vya mashimo na makaro. “Tope la majitaka” ni lile lituamalo baada ya maji ya mabomba. La kwanza aghalabu limekwisha kuoza kwa muda mrefu shimoni, hivyo hutoa gesi kidogo. Afisa akiyachanganya katika makisio, ataahidi nishati isiyokuwamo. Na kile kibakicho baada ya uvundikaji hakijapata jina linaloridhisha. “Mbolea ya biogesi” hutumiwa na wafugaji kwa samadi iliyotoka mtamboni, lakini hiki chaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini mazito, na kukiita mbolea kabla hakijapimwa ni kukipa cheti. Kwa sasa na kiitwe “masalio ya tope”.