Mkono wa Kugeuza Zege

Ukitaka kujua mji wa dhahabu umechangamka kiasi gani, usianze kuulizia bei ya gramu. Pita jioni uone meza za chipsi. Katoro, kuanzia saa moja usiku, zinajipanga kandokando ya barabara iendayo Chato: kabati la kioo lenye balbu ndani, jiko la mkaa pembeni, ndoo ya maji ya kunawa, benchi la mbao lililokwisha kulainishwa na makalio ya watu. Kahama ni hivyo hivyo, na Kakola iliyo jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na Geita mjini. Mgeni anayekuja huku akitafuta hoteli yenye kitambaa mezani atakula, atashiba, na atakuwa amepitwa na wapishi wenyewe.

Wapishi hawa wamefundishwa na wateja wao. Mchimbaji aliyeshinda duarani, yaani shimoni, anatoka na njaa ya siku nzima. Jiwe lake likishapita kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, na dhahabu ikauzwa, ana hela mkononi na hataki kungoja. Anataka kitu cha moto, kizito, chenye mayai, na akipewa chipsi zilizolala tangu mchana anazisukuma pembeni na kuhamia meza ya pili, ambayo haiko hata hatua kumi. Barabara ya Kahama nayo ina madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, watu waliokula njia nzima kutoka Dar es Salaam na wenye vipimo vya kulinganisha. Meza mbovu haidumu hapo.

Halafu kuna rashi. Ikisikika kwamba mahali fulani porini pametema dhahabu, turubai zinaota, watu wanamiminika, na kabla hakijachimbwa choo cha maana anakuwa ameshafika mtu na bodaboda, amefunga karai, debe la mafuta na gunia la viazi. Huko Los Angeles, mwaka 2008, mpishi Roy Choi na wenzake walianzisha gari la chakula la Kogi, na wateja wakawa wanalisaka jiji zima kwa kufuatilia mtandaoni litaegesha wapi usiku huo. Huku kwetu mwenye kusaka ni mpishi. Wateja ndio wanaohama, na rashi ikizima, kabati la kioo linafungwa kamba juu ya guta na kwenda kutafuta watu wengine.

Ajabu ni kwamba kiazi chenyewe ni mgeni. Usukumani kiazi kinachojulikana ni kitamu: kinakatwa na kuanikwa kibichi kikawa michembe, au kinachemshwa kwanza, kikakatwa, kikaanikwa, kikawa matobolwa. Akina mama wa Shinyanga wanajua habari za kiazi na jua kuliko mtaalamu yeyote wa kilimo. Viazi mviringo vinatoka mbali, Njombe na Mbeya, vimeshindiliwa kwenye lumbesa, ile kofia juu ya gunia ambayo sheria ya vipimo inaikataza na malori yanaendelea kuibeba. Mkaangaji mzuri hanunui kwa gunia kabla hajapasua kimoja. Anakikata kwa kisu, anasugua vipande viwili pamoja, anatazama maji yanayotoka. Kikiwa na maji mengi anajua kitakunywa mafuta na kulegea. Anakirudisha bila kugombana na mtu.

Kuna kijana mmoja Katoro ambaye nimekaa kwenye benchi lake mara nyingi kuliko inavyohitajika na njaa. Viazi vyake vinamenywa alasiri na kulowekwa kwenye ndoo mpaka maji yawe meupe; anamwaga, anaweka mengine, anamwaga tena. Kisha anavitandaza juu ya gunia safi vikauke. Karai la kwanza halina moto mkali. Chipsi zinaiva ndani na kutoka zingali za njano iliyopauka, laini, hazivutii hata kidogo, na ndizo anazorundika kwenye kabati. Wapita njia wanadhani hizo ndizo chipsi. Bado.

“Kaka, nifungie zege moja, mayai mawili.”

“Ukae ule hapa hapa, mkuu. Zege halifungwi.”

Anasema hivyo kwa kila mtu, na kwa kila mtu anaishia kufunga, maana biashara ni biashara. Ila ana hoja. Zege, yaani chipsi mayai, likifungwa linajitolea jasho lake lenyewe, na ule ukoko wa pembeni unakufa kabla hujafika nyumbani. Enzi za mifuko ya rambo, kabla haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ilikuwa balaa zaidi: unafungua, unakuta uji.

Sasa anaweka kikaango. Mkaa hauna swichi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Moto anaupunguza kwa majivu, anaupandisha kwa kuuchokoa kwa chuma na kuugeuzia upepo, na katikati ya hayo anakiinua kikaango kidogo tu, vidole viwili juu ya makaa, kwa muda anaoujua yeye. Mafuta ni kijiko kimoja. Chipsi zinaingia na kuachwa mpaka ziache kutoa mvuke, kwa sababu chipsi yenye unyevu inaliharibu yai. Mayai ameyapiga kwenye kikombe cha bati, na chumvi kidogo, siyo mpaka yatoe povu. Anamimina kuanzia ukingoni akizunguka kuingia katikati, na hapo mkono wa kushoto unainamisha kikaango huku na huku ili yai lishuke kwenye mianya. Kisha haguswi mtu wala kitu. Wanaojifunza hushindwa hapo: wanachokonoa, yai linakatika vipande, na unaletewa mayai ya kuvuruga yenye chipsi ndani.

Anasikiliza. Mwanzo kikaango kinanguruma, baadaye sauti inakuwa nyembamba na kavu. Anapitisha ncha ya kisu pembeni, anatikisa mara moja, na lile duara zima linazunguka lenyewe bila kung’ang’ania. Sahani ya bati inafunikwa juu, kiganja kinaikandamiza, kiwiko kinapinduka, na zege linateleza kurudi kikaangoni upande wa pili. Wapo wanaolirusha hewani na kulidaka, hasa abiria wa basi wakiwa wanatazama. Ni mbwembwe. Likitua vibaya linapasuka katikati, na anayekula ni wewe.

Wahispania wana ndugu yake, tortilla ya viazi, na wanaweza kubishana usiku kucha kama iwe na kitunguu au isiwe nacho. Waganda waliiheshimu rolex yao, chapati iliyoviringishiwa mayai, mpaka mwaka 2016 wakaifanyia tamasha Kampala. Sisi zege tunalila na kulisema vibaya, kana kwamba ni chakula cha mtu aliyekosa mke au muda. Supu ya makongoro ya alfajiri pale Shinyanga inasifiwa, na inastahili. Sato wa Nkome akikaangwa siku aliyovuliwa anasifiwa hata na wasiopenda samaki. Lakini supu nzuri nusu yake ni ng’ombe, na sato mzuri nusu yake ni ziwa. Zege limeanza na kiazi kilichosafiri siku kadhaa na yai la kuku wa kisasa lisilo na ladha ya kutajwa. Kinachobaki ni mkono.

Kwa hiyo ukifika, nenda usiku ukiwa umekomaa kidogo, wakati chipsi za mchana zimeisha na karai limeshawashwa upya. Chungulia mafuta kabla ya kuagiza. Yakiwa meusi, endelea na safari. Omba kachumbari ikae pembeni, nyanya, kitunguu na kabichi, pilipili ya kuonja. Chukua kijiti chako, uanzie ukingoni kwenye ukoko. Na mwenye meza akiinua ile chupa nyekundu ya tomato aimimine kabla hujaonja, mzuie mkono.