Vina Juu ya Shaba: Namna ya Kuisoma Sarafu ya Kale

Wapenzi wa ushairi wamezoea kulitafuta shairi kitabuni au kinywani mwa malenga. Ni wachache wanaolitafuta kiganjani. Hata hivyo, miongoni mwa mashairi mafupi kabisa yaliyosanifiwa katika mwambao huu yamo yale yaliyogongwa juu ya vipande vya shaba huko Kilwa, zama za masultani wake.

Upande mmoja wa sarafu hiyo huwa na jina la mtawala pamoja na la baba yake, mathalani Ali bin al-Hasan. Upande wa pili huwa na maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mola mwingi wa neema. Pande hizo mbili zimefungwa kwa kina kimoja. Aliyelelewa katika ukwapi na utao hatashangaa: sarafu ni mshororo, na ukingo wake ni kituo. La kuzingatiwa zaidi ni mahali kilipoangukia kina. Hakikuangukia jina la mtawala bali la baba yake. Ukiiondoa nasaba, shairi limevunjika.

Hapo ndipo ukusanyaji wa sarafu, kama unavyofanywa mara nyingi, unapostahili kulaumiwa. Mkusanyaji huibandika sarafu kwenye ubao ikaonekana upande mmoja tu, akaukata mshororo katikati. Mwingine huisugua kwa ndimu mpaka ing'are, na herufi zikaondoka na kutu. Bei hupangwa kwa madini na uchache. Haiulizwi imetoka mkononi mwa nani.

Thamani ya swali hilo ilidhihirika Pemba mwaka 1984, ilipofukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu zilizotoka ng'ambo. Sarafu zile za fedha, zenye majina ya watawala wa mwambao, hazina mwaka. Ni kwa sababu zilikutwa pamoja na zile za kigeni ndipo wataalamu walipoweza kuzirejesha hadi karne ya 11. Lau zingeuzwa mojamoja sokoni, zingebaki vipande vya fedha visivyokuwa na zama. Ujirani wa sarafu ndio uliokuwa ushahidi.

Kinyume cha sarafu ya Kilwa ni riale yenye sura ya Maria Theresa. Hii mwaka inao, 1780, lakini mwaka huo hauaminiki. Malkia huyo alifariki mwaka huohuo, na riale zikaendelea kugongwa kwa tarehe ileile katika karne mbili zilizofuata, hata London na Bombay. Familia inayoitoa riale sandukuni na kusema kuwa babu alikuja nayo tangu 1780 haisemi uongo kwa makusudi. Imeisoma tarehe kama cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho si cha sarafu ile. Hata hivyo si haki kuikataa hadithi yote kwa kosa la mwaka. Kwamba riale ilikuwa mahari ya bibi, au ilibaki peke yake baada ya wenziwe kuyeyushwa na sonara zikawa bangili, ni habari ambayo chuma hakiwezi kuisema wala kuikanusha. Sarafu iliyonyamaza humhitaji msimulizi.

Baina ya hizo mbili imesimama pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882: jina la Sultani upande mmoja, mizani upande wa pili. Mizani ile inamfaa mhakiki. Katika kitanga kimoja na viwekwe vinavyosemwa na madini, katika cha pili yanayosemwa na wazee, wala kimoja kisipewe nafasi ya kukibeua kingine.

Lugha yenyewe imetangulia kuifanya kazi hii. Kiswahili kimehifadhi fedha kutoka Uarabuni, pesa kutoka Bara Hindi, na hela kutoka heller ya Wajerumani iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1904. Sarafu hizo zimekwisha madukani, majina yake yangali vinywani. Lakini lugha huhifadhi jina la sarafu, haihifadhi jina la mwenyewe. Hilo ni jukumu la walio hai: kabla riale haijapelekwa kwa sonara, wapo wazee wa kuulizwa, na ipo karatasi ya kuandika walichojibu, pamoja na shaka zao. Sarafu iliyouzwa yaweza kununuliwa tena. Mzee akishafukiwa na hadithi yake, utao umepotea. Na ukwapi ukibaki peke yake, hauwi shairi.