Mnara Unaousikia, Usiokusikia

Ras Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, inatazamana na delta ya Rufiji, na bahari iliyo katikati ina upana wa kilomita 20 hivi. Juu ya maji hakuna kilima, nyumba wala mnazi wa kuzuia mawimbi ya redio. Kwa hiyo mnara wa ng'ambo unaweza kusikika ufukoni vizuri kuliko ule wa karibu uliofichwa na minazi.

Simu ikiwashwa, hupekua masafa ikianzia yale iliyoyatumia mwisho. Kila mnara hutangaza bila kukoma namba ya nchi na ya kampuni: Tanzania ni 640, Vodacom 04, Airtel 05. Simu hulinganisha namba hizo na laini iliyomo. Ikijaribu mtandao wa wengine ikakataliwa, huuandika kwenye orodha ya marufuku, na kioo kikabaki na “simu za dharura tu”.

Kazi ngumu huja baadaye: simu nayo kusikika na mnara. Mnara una nguvu nyingi. Simu ya GSM, yaani 2G, ya masafa ya megahezi 900 ina wati 2 tu. Ndiyo maana mnara hutangaza pia kiwango cha chini cha usikivu na nguvu inayotarajiwa kutoka kwa simu. Simu hutoa kiwango hicho kwenye ilichopima, na kama haifikii nguvu ile, hujikata tena pengo lililobaki. Jibu likizidi sifuri, mnara unafaa. Napenda hesabu hii: mashine zinazojipunguzia alama zenyewe ni chache.

Lakini ndani ya hesabu hiyo umbali haumo. GSM hugawa muda vipande vipande, na hodi ya simu, yaani ombi lake la kwanza kwa mnara, ikichelewa nje ya kipande chake haiitikiwi. Fidia ya kuchelewa huishia kilomita 35. Mnara ulio kilomita 40 ng'ambo ya bahari unaweza kufaulu mtihani wa nguvu, alama za mtandao zikaonekana, na kupiga kusiwezekane.

Australia walitumia vipande viwili kwa kila simu. Umbali ukafika kilomita 120 hivi, nafasi za wapigaji zikapungua nusu. Katika 4G, mnara hutangaza aina ya hodi unayoipokea: fupi huishia kilomita 14 hivi, ndefu kabisa hufika 100. Mnara wa Rufiji uliowekewa ile fupi hautaipokea simu ya Ras Kisimani, hata simu iusikie vizuri namna gani.