Dufu la Mashine na Kasida Zetu



Siku hizi nyingi katika kasida zinazosikilizwa majumbani mwetu hazina dufu hata moja, ijapokuwa sikio ladhani lasikia dufu. Ni mashine ya midundo. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iliyohifadhi sauti za ngoma halisi. Mwaka huo huo kampuni ya Roland ya Japani ikatoa yake, TR-808, yenye vifungo 16 katika safu moja. Mwenye kuitumia hubonyeza vifungo vya mahali anapotaka pigo lianguke, na mashine hurudia mzunguko ule ule bila kuchoka. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, hata kwa simu.

Juu ya uhalali sitarefusha. Habari ya wasichana wawili waliopiga dufu nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.) siku za Idi yajulikana na kila mwanafunzi wa chuo, na wako wanavyuoni waliokataza ala nyinginezo zote. Mimi nataka tuseme juu ya ulimi.

Huku Mbulu, ambako Waislamu si wengi, vijana wa chuo waliniletea kasida ya Maulidi waliyoirekodi kwa mashine. Sauti zao nzuri, wallahi. Lakini mdundo ulitangulia kuwekwa, ndipo wao wakaja kuimba juu yake. Basi madda ikafuata mashine, si kanuni. Palipokuwa na nafasi finyu, "Rasuulu" ikawa "Rasulu"; palipobaki pengo, walivuta. Na katika takbiri walivuta mahali pabaya kuliko pote: "Allahu akbaar". Mafakihi tangu zamani wamewaonya waadhini juu ya mvuto huo, kwani "akbaar" ni wingi wa "kabar", nayo ni ngoma! Tazama basi, msomaji: mja ataka kumtukuza Mola wake, na ngoma imemvuta ulimi hata akaitaja yenyewe.

Mpiga dufu husikiliza. Katika Maulidi ya Homu ya Unguja mwendo huanza polepole, ukapanda kidogo kidogo, na mkono hungojea pumzi ya msomaji. Mashine nayo yaweza kubadilishiwa mwendo, ila ni nadra fundi kujisumbua. Haina kosa; yafanya ilivyoamriwa.

Vijana walijitetea kwamba madufu hayapatikani huku. Hilo sikulikubali. Mbulu ni nchi ya wafugaji, ngozi ya mbuzi haikosekani, na seremala wa kukunja duara la mbao hakosekani pia.

Baadaye walirekodi tena, sauti kwanza, kisha madufu mawili. Mpigaji mmoja awahi kidogo kwenye kiitikio, na baada ya beti ya tatu pana kikohozi. Takbiri imetoka sawasawa.