Bajeti Mbili za Chama cha Wasomi

Akademia ya Sayansi ya Afrika, AAS, ilizaliwa mwaka 1985 mjini Trieste, Italia. Rais wake wa kwanza alikuwa Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyeanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi mwaka 1970. Leo makao ya AAS yako Karen, kusini-magharibi mwa Nairobi. Anayetaka kujifunza jinsi mpango mkakati wa chama cha wasomi unavyosimama au kuyumba, aanzie hapo, kwa sababu AAS ilibeba kazi mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni uanachama. Mwanasayansi hajiingizi kwa kulipa ada tu. Hupendekezwa, kazi zake hupimwa, kisha wenzake humchagua. Ya pili ni kuendesha programu za utafiti, nayo ilipanuka kwa kasi kuanzia 2015, AAS iliposhirikiana na NEPAD, wakala wa maendeleo wa Umoja wa Afrika, kuanzisha AESA, chombo cha kugawa na kusimamia ruzuku. Programu yake kubwa, DELTAS Africa, ilitengewa takriban dola milioni 100 kwa miaka mitano, fedha za shirika la hisani la Wellcome na serikali ya Uingereza.

Mpango mkakati wa AAS wa 2018 hadi 2022 uliandikwa fedha hizo zikiwa bado zinaingia. Ulitaja maeneo matano: mazingira na tabianchi, afya na ustawi, sayansi asilia, sera na utawala, sayansi za jamii na insia. Kitaaluma mgawanyo huo ni mzuri, maana kila mwanachama anajiona mahali fulani. Lakini orodha ya taaluma haisemi mhasibu atalipwa na nani. Mwaka 2021, kabla muda wa mpango haujaisha, wafadhili wakuu walihamishia programu hizo kwenye taasisi mpya, Science for Africa Foundation, iliyo Nairobi pia.

Ruzuku ya programu kwa kawaida huja na fungu la uendeshaji. Ikiondoka, huondoka na mishahara ya ofisi nzima, hata ya wale wasioigusa programu yenyewe. Hili linaniuma, kwa kuwa heshima ya akademia hutoka kwa wanachama wake, si kwa ruzuku. Kwa hiyo bajeti iandikwe mara mbili. Ya kwanza ichukulie kwamba hakuna ruzuku hata moja: ada na mapato ya mfuko wa kudumu vitoshe kugharamia uchaguzi wa wanachama, mkutano mkuu na ofisi ndogo. Ya pili, ya programu, ijengwe juu ya hiyo, na kila nafasi ya kazi ionyeshe inategemea mkataba upi na unaisha lini.

Dodoso linalotangulia rasimu ya mpango mkakati nalo lirekebishwe. Badala ya kuwauliza wanachama vipaumbele vyao tu, liulize kila mmoja atatoa saa ngapi kwa mwezi kupitia maombi ya ruzuku, kulea watafiti chipukizi au kuishauri serikali. Majibu hayo yanaweza kujumlishwa na kuingizwa kwenye bajeti ya kwanza.